Je, wajua kwa nini asilimia 35 hupungua lakini asilimia 37 hugoma?

Mwambie muuza mawese wa Kigoma kwamba asilimia 35 ya dumu lake imeshauzwa, itambidi apige hesabu kwanza. Mwambie 7/20, na jibu analo papo hapo: dumu ni la lita 20, basi zimetoka lita 7. Sasa jaribu asilimia 37. Unaandika 37/100, unatafuta pa kupunguza, hupaoni. Tofauti ya mbili tu, na moja imekubali huku nyingine ikigoma. Kwa nini?

Njia yenyewe ya kugeuza asilimia kuwa sehemu rahisi hufundishwa shule ya msingi. Iandike asilimia juu ya 100, tafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS) cha namba hizo mbili, kisha gawanya juu na chini kwa kigawo hicho. KKS ya 35 na 100 ni 5, ndiyo maana tukapata 7/20. Lisilosemwa sana darasani ni kwamba mwenye uamuzi hapa ni ile 100. Ukiivunja 100 hadi kwenye namba tasa unapata 2 × 2 × 5 × 5, basi. Hakuna 3 ndani yake, hakuna 7, hakuna 11. Kwa hiyo namba ya juu isipogawanyika kwa 2 wala kwa 5, haina chochote inachoshirikiana na 100.

Hapa wengi huteleza. Hudhani 37 imegoma kwa sababu ni namba tasa. Hapana. 21 si tasa, ni 3 × 7, lakini 21/100 nayo haipungui. 39, 51 na 87 ni vilevile. Tena 2 na 5 ni namba tasa, na bado asilimia 2 inakuwa 1/50, asilimia 5 inakuwa 1/20.

Basi huhitaji kuhangaika: tazama tarakimu ya mwisho. Ikiwa ni 1, 3, 7 au 9, umeshamaliza, acha sehemu ilivyo. Ikiwa nyingine yoyote, punguza. Tarakimu zinazogoma ni nne katika kila kumi, kwa hiyo kuanzia asilimia 1 hadi 100 zinagoma 40 na kupungua 60. Yaani asilimia 60 ya asilimia zote hupungua, na hiyo 60 nayo inapungua: 3/5. Mimi hili hunifurahisha kila ninapolifikiria.

Angalizo moja: usiishie njiani. 48/100 ukigawanya kwa 2 unapata 24/50, thamani ni ileile lakini kazi haijaisha. Gawanya tena, 12/25, hapo ndipo mwisho.

Kutokana na muundo huo wa 100, asilimia nzima ikisharahisishwa huacha chini moja ya namba hizi tu: 1, 2, 4, 5, 10, 20, 25, 50 au 100. Tatu haimo. Wavuvi watatu wa Kibirizi wakiuza dagaa wa shilingi 600,000 na kila mmoja akachukua asilimia 33, kila mtu atapata 198,000 na 6,000 zitabaki bila mwenyewe. Theluthi kamili ni asilimia 33⅓. Zidisha juu na chini kwa 3: 33⅓ juu ya 100 inakuwa 100/300, ambayo ni 1/3, na kila mvuvi anaondoka na 200,000.

Penye nukta, ondoa nukta kwanza. Zaka ya fedha ni asilimia 2.5. Zidisha juu na chini kwa 10 upate 25/1000, kisha gawanya kwa 25: 1/40. Mfanyabiashara wa Ujiji mwenye shilingi 36,000,000 za kutolea zaka anafuta sifuri moja, anagawanya kwa 4, anapata 900,000. Kikokotoo hakihitajiki.

Hata hivyo sehemu si bora kila mahali. Mgawanyo wa Ziwa Tanganyika unaotajwa mara nyingi ni Tanzania asilimia 46, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 40, Burundi 8 na Zambia 6. Kwa sehemu rahisi hizo ni 23/50, 2/5, 2/25 na 3/50. Nani ana kubwa zaidi? Kwa asilimia unaona mara moja. Kwa sehemu macho yanababaika. Na ukitaka kuzijumlisha itabidi uzirudishe zote kwenye 50: 23, 20, 4 na 3, jumla 50/50, ziwa zima.