Je, wajua? Tawi la cheri lilivyomsaidia binti kuchagua mume kabla ya Krismasi

Tuseme binti anaposwa na vijana wawili: seremala wa ng'ambo ya mto na mwana wa mwenye kinu. Wote wapole, wote wachapakazi, na moyo wake unayumba. Katika vijiji vya Austria, Ucheki na kusini mwa Ujerumani, wazee walikuwa na dawa ya kuyumba huko. Tarehe 4 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Barbara, binti huingia bustanini na kukata matawi mawili ya mti wa cheri. Kila tawi hulipa jina la kijana mmoja, kisha huyatia kwenye jagi la maji ndani ya nyumba. Tawi litakalotangulia kuchanua kufikia Krismasi ndilo lenye mume. Yasipochanua yote mawili, harusi haipo mwaka ujao.

Siku hiyo ilitokana na hadithi ya mtakatifu mwenyewe. Husimuliwa kwamba Barbara alipokuwa akipelekwa gerezani, kijitawi kilinasa kwenye vazi lake. Alikinywesha maji kutoka kikombe chake, nacho kikachanua siku aliyouawa.

Lakini tawi lililokatwa kwenye mti uliopukutika majani, nje kukiwa na baridi kali, linachanuaje kwa siku 20 tu?

Jibu ni kwamba maua yalikuwemo tayari. Matumba ya cheri hujengeka tangu majira ya joto yaliyotangulia, na vuli ya Ulaya, majira ya majani kupukutika, inapofika, ndani ya kila tumba mna maua machanga yaliyofunikwa kwa magamba magumu. Kisha mti hulala, na usingizi wake una masharti. Joto peke yake haliuamshi. Lazima kwanza upate baridi ya kutosha, hasa ile ya kati ya nyuzi 0 na 7 za selsiasi, kwa mamia ya saa. Aina nyingine za cheri hutaka saa 1,000 au zaidi. Bila sharti hilo, siku chache za jua mwezi Novemba zingeudanganya mti uchanue, na sakitu ya wiki inayofuata ingeua maua yote. Mimi huona huu ni ulinzi wa ajabu kwa kiumbe kisicho na macho wala kalenda.

Baridi ikishatimia, kinachosubiriwa ni joto. Ukilileta tawi chumbani, wanga uliohifadhiwa ndani yake hugeuka sukari, maji ya jagi hupanda, magamba huachia. Ndiyo maana wazee walitaka sakitu iwe imeshapiga kabla ya kukata. Siku hizi, vuli ikiwa na joto, wapo wanaoyalaza matawi kwenye friza usiku mmoja.

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wanaijua tabia ya namna hii, ila kwao kifunguo ni maji: matumba ya mbuni hutulia wakati wa ukame, mvua ikinyesha, siku kama kumi baadaye shamba zima ni jeupe.

Sasa turudi kwa seremala na mwenzake. Kwa nini tawi moja litangulie? Hapa ndipo ninapoipenda zaidi desturi hii. Matumba ya maua ni manene na ya mviringo, hukaa kwa vishada kwenye vijiti vifupi; yale ya majani ni membamba yenye ncha. Binti aliyekulia chini ya mti ule anayajua kwa kugusa tu. Tawi lenye matumba manono lina nafasi kubwa kuliko tawi lenye matumba ya majani peke yake, na lililo upande wenye joto zaidi wa jagi huwahi kuliko mwenzake. Na anayekata, anayeandika majina, anayebadilisha maji kila asubuhi ni yeye mwenyewe. Naamini mabinti wengi walishajua jina wanalolitaka walipokuwa bado wameshika kisu.

Kwa wasioridhika na tawi, Ucheki ina mengine. Mkesha wa Krismasi binti huupa mlango mgongo na kurusha kiatu juu ya bega. Ncha ikielekea mlangoni, ataolewa ndani ya mwaka. Au hutikisa kichaka na kusikiliza mbwa atabweka upande gani, kwani mume atatoka huko. Seremala mwenye mbwa mkelele hana haja ya kuhangaika.

Ukiwa unaishi Ujerumani au Austria, unaweza kujaribu. Kata vijiti kwa mshazari, vilaze usiku mzima kwenye maji ya uvuguvugu, kisha viweke mbali na kipasha joto, maana hewa kavu hukausha matumba. Badilisha maji kila baada ya siku chache. Majina yaandike kwa kalamu isiyofutika na maji.