Modak za Ganesha: mwenye kisukari ale au aache?

Kwanza modak ni nini?
Ni kile kitamutamu cheupe chenye mikunjo na ncha juu kama kitunguu saumu, huko Maharashtra, India, kinapikwa sana Ganesh Chaturthi, sikukuu ya Wahindu ya mungu wao Ganesha mwenye kichwa cha tembo, Agosti au Septemba. Nje ni unga wa mchele uliosongwa kwa maji ya moto alafu ukakandwa, ndani kuna nazi ya kukuna iliyopikwa na sukari guru na iliki, ukiionja unasema hii ni kashata haijakauka. Inaaminika Ganesha anaipenda kuliko vyakula vyote ndo maana wanamtolea 21, zikishatolewa zinakuwa prasad, yaani chakula kilichobarikiwa, kila mtu anagawiwa.

Si imepikwa kwa mvuke? Basi haina shida!
Upande wa mafuta sawa, ni afadhali kuliko ile ya kukaanga. Ila mvuke hautoi sukari jamani, na wakati wa kula watu wanamwagia samli juu, tena sio kidogo.

Lakini sukari guru ni ya asili...
Hapa ndo wengi wanajidanganya. Gramu 100 za sukari guru zina kalori kama 380, nyeupe karibu 390, tofauti iko wapi? Madini yapo lakini kidogo, huwezi kutibu upungufu wa damu kwa modak. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema mtu mzima anayekula kalori 2,000 kwa siku sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50, na ikiwa 25 ni bora zaidi, na sukari guru inahesabiwa humohumo.

Kwahiyo mama yangu mwenye kisukari akatae prasad?
Asikatae, prasad si lazima iwe nyingi, hata kipande anapokea kwa heshima yote. Akitaka nzima ale moja baada ya chakula chenye mboga na dengu, na siku hiyo apunguze wali maana ile nje nayo ni mchele. Kinachonitisha mimi zaidi ni wanaofunga mpaka puja, yaani ibada, iishe huku wamechoma insulini au wamemeza vidonge, sukari inashuka ghafla mtu anaanguka. Aongee na daktari kabla ya sikukuu, sio siku yenyewe.

Asiyeweza ngano je?
Ya mvuke ni mchele, ya kukaanga mara nyingi ni ngano. Aulize.

Zilizobaki?
Nazi ya ndani inachacha haraka, zisikae nje zaidi ya masaa mawili, weka friji, kesho zipashe kwa mvuke tena.