Je, Wajua Tausi Huingiaje Ndani ya Kitambaa cha Hariri?

Ukiwakuta mafundi wa makochi wa Nsambya, Kampala, wameshika kitambaa cha hariri chenye tausi na maua ya bustani, waombe wakigeuze. Tausi wa kuchapwa hufifia upande wa nyuma. Wa kutarizi huacha njia ya sindano. Huyu bado yupo, ila rangi zimebadilishana nafasi na nyuzi nyingine zimelala wazi. Amefumwa pamoja na kitambaa chenyewe.

Kitambaa cha kufuma kina mtande, yaani nyuzi za urefu zilizokazwa, na mshindio unaopita kati yake kwa upana. (Lubugo, kitambaa cha jadi cha Buganda, hakina vyote viwili, ni gome la mti wa mutuba lililopondwa, nalo lina uzuri wake.) Uzi wa mtande ukiinuka, mshindio hujificha chini yake, ukishuka, rangi ya mshindio hujitokeza. Basi kuchora jicho la tausi ni kuamua, mstari baada ya mstari, nyuzi zipi ziinuke.

Zamani aliyeziinua alikuwa msaidizi, mara nyingi mtoto, akivuta kamba kandokando ya mfumaji. Ndivyo walivyofumwa ndege wa Philippe de Lasalle, mbunifu wa vitambaa vya hariri, mjini Lyon, Ufaransa, katika karne ya 18, na mimi nikiona picha zao huwaza mikono ile midogo. Mwaka 1804 Joseph Marie Jacquard, wa mji huohuo, alileta mtambo wa kadi zenye matundu: penye tundu uzi huinuka, pasipo tundu hubaki chini. Kila mstari na kadi yake. Picha ya Jacquard iliyofumwa kwa hariri mwaka 1839 ilihitaji kadi zipatazo 24,000.

Na kwa nini tausi mara nyingi ni wawili, wanatazamana? Ndoana moja ya mtambo yaweza kuinua nyuzi mbili, moja kulia, nyingine kushoto. Ukichora nusu, nusu ya pili hujifuma kama kwenye kioo.

Hariri hupendwa kwa kazi hii kwa kuwa uzi wake ni mwembamba mno, hivyo hata unyoya hutoka vizuri, na umbo lake la pembetatu hurudisha mwanga. Kiwavi anayeutoa hula majani ya mforsadi, mti unaolimwa hata Sheema, magharibi mwa Uganda.

Fundi naye, kabla ya kukata, hutafuta mahali mchoro unapoanza upya, ili kichwa cha tausi kiangukie katikati ya mgongo wa kochi. Ndiyo maana hukuambia ununue mita zaidi.