Kabla hujauza shamba uende India kutibiwa tezi dume

Faili lake lilikuwa nene kuliko Biblia ya mfukoni, limefungwa ndani ya kavera nyeusi ya sokoni. Mwenyewe ni dereva wa malori, Mombasa hadi Kampala, mara nyingine hadi Juba, umri wake miaka 41. "Daktari, India nimekwenda, pesa imeisha, na bado nakalia moto," akaniambia. Na kweli alikuwa amekalia paja moja tu, la pili linaning'inia nje ya kiti.

Nikalifungua. Picha za MRI safi kabisa, za kuonyesha wanafunzi. Vipimo vya damu kurasa kwa kurasa, hadi vitamini D. Dozi nne za antibiotiki, moja baada ya nyingine. Nilichokitafuta nisikione ni karatasi moja ndogo: majibu ya mkojo wa kabla na wa baada ya kukandwa tezi. Kipimo hicho hakihitaji mashine. Kinahitaji vikopo viwili, glavu na mgonjwa asiye na haraka.

Mimi ni daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo hapa Kampala. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nusu ya wanaokaa kwenye benchi langu ni madereva, maafande, na wafanyabiashara wa kutoka Kongo na Sudan Kusini, na lugha tunayokutania ni hii. Tangu ndege ya moja kwa moja kutoka Entebbe hadi Mumbai ianze, Oktoba 2023, naulizwa swali lilelile: "Niende?" Wapo wanaopaswa kwenda, nami huwaandikia barua mwenyewe. Lakini hakuna anayepaswa kupanda ndege kabla ya vikopo viwili.

Kwanza neno lenyewe linatuponza. Tukisema tezi dume "imevimba", mzee wa miaka 70 ambaye tezi yake imekua kwa umri anaitika, mwenye saratani anaitika, na kijana wa miaka 30 mwenye maumivu ya msamba anaitika pia. Ni magonjwa matatu tofauti. Ninalozungumzia hapa ni hili la tatu: tezi yenyewe, au sehemu zinazoizunguka, kuwaka kama kidonda kinavyowaka. Kijana akisikia "tezi dume" anawaza saratani, halafu usingizi unakatika, halafu maumivu yanazidi. Nimeona hivyo mara nyingi mno kuiita bahati mbaya.

Wataalamu wa taasisi za taifa za afya za Marekani waliligawa tatizo hili mafungu manne mwaka 1995, na mgawanyo huo ndio tunaoutumia mpaka leo. La kwanza ni la ghafla: homa, kutetemeka, mkojo unachoma au umegoma kabisa kutoka. Huyu hana habari ya viza. Anakwenda hospitali ya karibu usiku huohuo, anachomwa antibiotiki ya mshipani, na tezi yake haikandwi, maana kuikanda kunaweza kusukuma bakteria kwenye damu. Akishatulia anaendelea na vidonge wiki 2 hadi 4. La nne halina dalili yoyote, hugunduliwa kwa bahati wakati mtu anapimwa kitu kingine, na kwa kawaida tunaliacha.

Shida iko katikati. Fungu la pili ni bakteria waliojificha ndani ya tezi, mara nyingi *E. coli*, wanaorudisha maambukizi ya mkojo kila baada ya muda. La tatu ni maumivu ya nyonga ya muda mrefu, miezi mitatu au zaidi, bila bakteria wowote anayeonekana. Mgonjwa hawezi kuyatofautisha kwa kujisikia tu. Daktari naye hawezi kwa kumtazama. Na katika wanaume 10 wenye maumivu haya sugu, 9 wako fungu la tatu.

Basi vikopo. Mgonjwa awe hajameza antibiotiki kwa mwezi hivi, na hapa ndipo ninapokwama, kwa sababu duka la dawa liko kila kona na siprofloksasini inauzwa kama peremende. Anakojoa kidogo chooni, anakinga mkojo wa katikati kwenye kikopo cha kwanza, anaacha akiba. Anainama juu ya kitanda. Kidole kinaingia kwa njia ya haja kubwa, nakanda tezi kutoka pembeni kuja katikati, kama dakika moja. Si raha, lakini si mateso pia. Afande mmoja aliniambia kuruti anapata mabaya zaidi kabla ya chai. Kisha anakojoa tena, mililita 10 za mwanzo ndizo za kikopo cha pili. Vyote viwili vinakwenda maabara kuoteshwa, kuona kama kuna bakteria. Bakteria wakiwa kwenye cha pili mara kumi au zaidi ya walio kwenye cha kwanza, wamejificha kwenye tezi. Chembe nyeupe za damu zikiwa nyingi bila bakteria, au kusipokuwa na kitu chochote, hilo ni fungu la tatu.

Tofauti hiyo ndiyo inayoamua dawa. Mwenye bakteria anahitaji antibiotiki inayopenya kwenye tezi, na si nyingi zinazopenya: jamii ya siprofloksasini, trimethoprimu, doksisaiklini na chache nyingine. Anameza wiki 4 hadi 6, si siku 5 za kupewa kwenye bahasha. Asiye na bakteria unampa ya nini? Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Amerika Kaskazini: wanaume 196 wenye fungu la tatu, wengine walipewa siprofloksasini, wengine tamsulosini (dawa ya kulegeza njia ya mkojo), wengine zote mbili, wengine kidonge bandia kisicho na dawa, kwa wiki 6. Dawa hazikushinda kidonge bandia. Dereva wangu alikuwa amemeza kitu kilekile dozi nne, na kano za kisigino zikaanza kumuuma, dhara ambalo dawa hizo zinajulikana nalo.

Nilipompima kwa kidole, tezi yake haikuwa na neno. Nikasogeza kidole pembeni, kwenye misuli ya sakafu ya nyonga, upande wa kushoto, nikabonyeza. Aliruka nusu kitanda. "Hapo! Hapo ndipo!" Misuli ile ilikuwa imekaza kama kamba ya turubai. Saa kumi mfululizo juu ya kiti cha lori, mkojo umebanwa kwa sababu ya foleni ya mpakani Malaba, hofu ya saratani juu yake. Matibabu yake yalikuwa mtaalamu wa fiziotherapia wa kumfundisha kulegeza misuli hiyo (kulegeza, si kuikaza; mazoezi ya kukaza aliyoyaona kwenye simu yalikuwa yakimwongezea), amitriptilini kidogo usiku (dawa ya kutuliza maumivu ya neva), maji ya moto, mto wa kukalia, na kusimama kila baada ya saa mbili. Tiba ya mawimbi ya mshtuko, ya kupigwa msambani kwa mashine, aliyoilipia ng'ambo si uganga, ushahidi upo kwamba hupunguza maumivu kwa baadhi ya watu kwa miezi kadhaa. Ila mtu akiondoka wiki inayofuata na kurudi kwenye kiti kilekile, usishangae.

Na PSA, kipimo cha damu kinachotumika kutafuta saratani ya tezi. Tezi ikiwaka, PSA hupanda. Nimepokea kijana aliyekatwa vinyama vya tezi huko alikokwenda kwa sababu PSA ilikuwa juu, wakati homa yake ilikuwa haijamaliza hata mwezi. Ungengoja wiki 6 hadi 8 baada ya matibabu, upime tena, mara nyingi inashuka yenyewe.

Lipo jambo ambalo hospitali ya ng'ambo, hata iwe nzuri vipi, inaweza isikuulize: unakunywa maziwa gani? Mfugaji mmoja wa Kiruhura alikuja na korodani moja imevimba, ngumu, inauma, na barua ya kukubali iondolewe. Alikuwa ametibiwa kama mwenye klamidia, ugonjwa wa zinaa: doksisaiklini siku 10, akapata nafuu, ukarudi. Jioni kule kwao maziwa hunywewa yakiwa na joto la ng'ombe. Ilikuwa brusela, ugonjwa wa mifugo unaoingia kwa maziwa mabichi, na hapa kwetu, ukanda wa ng'ombe, ni lazima iulizwe. Dawa ni doksisaiklini hiyohiyo lakini wiki 6, pamoja na rifampisini. Zile siku 10 zilikuwa zimeutuliza ugonjwa tu. Damu ikioteshwa, maabara iambiwe mapema, kwa sababu kijidudu hiki huota polepole na kimewahi kuwaambukiza wanaokishika.

Kifua kikuu nacho hushuka huko chini. Mirija ya mbegu inakuwa na vinundu kama shanga ukiipapasa, mkojo una usaha lakini ukiotesha kwa njia ya kawaida hakioti kitu. Siprofloksasini na ndugu zake hukitisha kifua kikuu kidogo bila kukiua, kwa hiyo mtu anaonekana kupona huku miezi inakwenda. Mkojo wa asubuhi, siku tatu, kwenye mashine ya GeneXpert inayosaka kifua kikuu. Mashine hizo zipo nchini, huhitaji pasipoti. Na kama ulikulia pwani au kando ya maji yenye kichocho cha mkojo, ukaona damu kwenye manii, useme.

Sasa wanaopaswa kwenda. Mwenye jipu ndani ya tezi linalokataa kukauka baada ya kutobolewa, hasa mwenye kisukari au VVU. Mwenye bakteria aliyethibitishwa kwa vikopo ambaye dawa zetu zote zimegonga mwamba. Huyo wa pili huniuliza pia kuhusu Tbilisi, Georgia, ambako taasisi ya Eliava imekuwa ikitumia virusi vinavyokula bakteria tangu 1923. Wapo wagonjwa wa tezi waliopata nafuu huko, na hilo limeandikwa. Lakini jaribio la mjini humohumo lililochapishwa 2021, juu ya maambukizi ya mkojo kwa wanaume waliofanyiwa upasuaji wa tezi, lilikuta virusi hivyo havikuzidi kioevu bandia. Simkatazi mtu, namwambia yote mawili.

Ukienda India, kadi ya manjano uwe umechanjwa siku 10 kabla, la sivyo wanaweza kukuweka karantini uwanjani. Beba majibu ya kuotesha pamoja na orodha ya dawa zilizomshinda bakteria na zilizoshindwa, si picha tu. Andika majina ya antibiotiki zote ulizomeza mwaka huu, hata za bahasha. Na kabla ya kuweka saini ya upasuaji wowote, piga picha hiyo karatasi unitumie.

Yule dereva nilimpa dodoso letu la maswali 9, lenye alama 0 hadi 43, ambapo kushuka kwa 6 tayari ni nafuu ya kweli. Siku ya kwanza alikuwa na 29. Jana alinipigia kutoka Naluwerere, kituo cha malori, injini inanguruma nyuma yake, amesimama kando ya lori kama nilivyomwagiza, anajijumlishia alama mwenyewe kwa sauti. Zikafika 17. Kisha akaniuliza kama ule mto ninaweza kumpatia wa pili, turniboi ameshauchukua wa kwanza.