Uragami Gyokudō: samurai aliyeondoka na ala yake mgongoni

Ukitazama milima aliyoichora Mjapani Uragami Gyokudō kwa mara ya kwanza, utadhani mchoraji alikuwa na haraka. Miamba kama inayumba, miti ni vinukta na mikwaruzo ya brashi kavu, na kibanda cha msomi kimejificha chini, rahisi kukipita bila kukiona. Haraka haikuwepo. Rafiki yake, mchoraji Tanomura Chikuden, aliandika kwamba Gyokudō alichora akiwa amechangamka kwa sake. Pombe ikimtoka aliweka brashi chini, kisha akaanza upya. Mchoro mmoja uliweza kupitia hayo hata mara 10.

Alizaliwa mwaka 1745 huko Bizen, Okayama ya leo, akatumikia tawi la ukoo wa Ikeda, watawala wa eneo hilo, hadi akapewa cheo cha mkaguzi. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa kwenye qin, ala ya Kichina ya nyuzi saba. Alipata moja ya kale iliyoandikwa "Gyokudō", Ukumbi wa Jade, naye akajiita hivyo hivyo. Wanawe wawili ni Shunkin na Shūkin: qin ya majira ya kuchipua na qin ya majira ya kupukutika.

Mwaka 1794, mkewe akiwa ameshafariki, aliacha utumishi akaondoka na wanawe. Kwa samurai, kumwacha bwana wake halikuwa jambo dogo.

Wajapani huita michoro hii bunjinga, picha za wasomi. Asili yake ni China, kwa maofisa waliochora kujiburudisha na marafiki, si kwa ujira. Wajapani wa enzi hiyo walikatazwa kusafiri nje, hivyo walijifunza kwa vitabu na picha zilizoingia kupitia bandari ya Nagasaki. Wengi hawakuwa maofisa hata kidogo. Ike no Taiga, fundi mkubwa, aliishi kwa kuuza kazi zake. Gyokudō ndiye aliyeishi ile hadithi ya Kichina yenyewe: ofisa aliyekitupa cheo. Nadhani ndiyo maana hakuhangaika kumpendeza mnunuzi. Mwanawe Shunkin, mwenye mkono nadhifu zaidi, ndiye aliyependwa sokoni.

Gyokudō alifariki Kyoto mwaka 1820. Mchoro wake mashuhuri wa milima chini ya mawingu yaliyoganda, leo Hazina ya Taifa, uliwahi kumilikiwa na mwandishi Kawabata Yasunari, mshindi wa Nobel wa 1968. Ukiuona, angalia theluji: hakuipaka rangi. Alitia giza anga, akaiacha karatasi kama ilivyo.