"Tutakupigia" Si Barua: Kazi za Hoteli, Mwezi wa Nne na Watu Wanaonyamaza

Mimi ni msaidizi wa sheria katika Wilaya ya Kaskazini A, Unguja. Si wakili, ingawa watu wa hapa Mkwajuni wananiita "wakili" nikipita, na nimeshachoka kuwarekebisha. Kazi yangu ni kusikiliza, kusoma makaratasi ya watu, na kumwambia mtu aende ofisi gani na abebe nini. Ardhi, talaka na matunzo ya watoto huja mwaka mzima. Kesi za kazi zina msimu wake, kama maembe. Huanza kuiva mwezi wa nne.

Masika yakiingia wageni hupungua, na hoteli nyingi za Nungwi, Kendwa, Matemwe na Kiwengwa hufunga au hubakisha walinzi na watu wa bustani. Wafanyakazi huitwa mmoja mmoja, au wote pamoja jikoni, wakaambiwa: "Nendeni nyumbani, tutakupigieni." Hakuna barua wala tarehe. Mara nyingine na mshahara wa mwezi wa tatu haujakamilika. Mwaka 2022 ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu Ramadhani nayo iliangukia Aprili. Mtu amerudi nyumbani mikono mitupu, futari inatakiwa kila siku, na nguo za watoto za sikukuu zinamsubiri mwishoni mwa mwezi.

Nami nimewahi kuambiwa hivyo. Kabla ya kazi hii nilikuwa nikisafisha vyumba katika hoteli moja ya pwani, jina lake nitaliacha. Nilisubiri simu ile tangu Aprili hadi Julai. Nilipokwenda mwenyewe nikakuta msichana mwengine amevaa sare yangu, bado ina pini niliyobana kwenye kifungo kilichokatika. Sikudai kitu. Niliona haya kurudi nyumbani na kusema nimefukuzwa, basi nikaendelea kusema "bado hawajafungua".

Haya hiyo ndiyo ninayokutana nayo kila mwaka, na inawagharimu watu zaidi kuliko ubaya wa waajiri.

Kijana mmoja alikuja barazani kwangu mwezi wa tisa. Akaamkia, akakaa, akazungumza habari za mvua, za mpira, za bei ya mchele. Mwisho akasema, "Bi, nina rafiki yangu ana tatizo la kazi." Nikamwambia, "Mwanangu, huyo rafiki yako aliachishwa lini?" Akacheka kidogo, akainama. Tangu mwezi wa nne. Miezi mitano alikuwa akitoka nyumbani asubuhi na begi lake ili mkewe asijue, anashinda maskani, pale vijana wanapokaa kupiga soga, jioni anarudi. Akiba ilikwisha Juni. Hakuwa akilala. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio usiku, naye akaamini ana presha.

Kisheria, miezi mitano ni mingi mno. Malalamiko ya kuachishwa kazi yana muda wa kufikishwa, na anayechelewa hulazimika kwanza kuomba kusikilizwa nje ya wakati na kueleza kwa nini alikaa kimya. "Niliona haya" ni jibu la kweli, lakini si jibu ambalo ningependa ulitegemee. Ukiambiwa "tutakupigia", wiki hiyohiyo uliza kwa ujumbe wa maandishi: ninarudi lini, na mshahara wangu uliobaki nitaupata lini? Wakijibu, una maandishi. Wasipojibu, bado una ujumbe wako wenye tarehe.

Hapa niseme jambo moja linalopoteza watu wengi. Mtu anafungua simu, anatafuta haki za mfanyakazi Tanzania, anasoma habari za Tume ya Usuluhishi na Uamuzi na sheria ya mwaka 2004. Kuna bwana alikuja nazo zimechapishwa, zimepigwa mstari kwa wino mwekundu, kazi nzuri kabisa. Tatizo ni kwamba hiyo ni sheria ya Bara. Kazi si jambo la Muungano. Huku kwetu tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005, na migogoro huanzia katika Kitengo cha Usuluhishi wa Migogoro ya Kazi kilicho chini ya wizara inayosimamia kazi. Kwanza hukaa msuluhishi na pande mbili kutafuta makubaliano. Yakishindikana, shauri hupelekwa kwenye uamuzi, na juu yake iko Mahkama ya Kazi, ambayo ni sehemu ya Mahkama Kuu. Ukitoka Mwanza ukaajiriwa Paje, sheria yako ni ya Zanzibar. Ukitoka Wete ukaajiriwa Kariakoo ya Dar es Salaam, sheria yako ni ya Bara. Kinachotazamwa ni pale unapofanyia kazi, si kitambulisho chako. Walio serikalini wana njia yao nyengine, chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2011, nami huwa nawaelekeza huko mapema wasizunguke bure.

"Lakini bi, mimi sina mkataba." Sentensi hii naisikia kuliko salamu. Kutokuwa na karatasi hakumaanishi hukuajiriwa. Kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba ulikuwa ukifanya kazi pale, kwa nani, na kwa malipo gani. Yule kijana alisema hana chochote, nikamwomba simu yake. Mlikuwa na picha ya rosta ya wiki aliyowahi kumtumia mwenzake, jina lake limo, zamu ya usiku. Mlikuwa na kundi la WhatsApp la wahudumu, msimamizi akimwagiza aje saa kumi na moja alfajiri. Mlikuwa na ujumbe wa EzyPesa wa mishahara miwili. Kitambulisho cha kazi alikiacha kwa mlinzi, lakini sare alikuwa nayo nyumbani, mkewe anaifutia meza. Mtu aliyesema hana chochote alikuwa na faili zima mfukoni. Basi piga picha rosta kila wiki. Kila wiki. Na usitoke kwenye kundi la WhatsApp kwa hasira kabla hujahifadhi ujumbe.

Kuna na karatasi nyengine ambayo wengi hawaiulizii: taarifa ya michango yao ya ZSSF, yaani Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar. Mfuko huu tunao tangu 1998, lakini watu wanaujua zaidi kwa pembea za Kariakoo ya hapa Unguja na Tibirinzi ya Pemba siku za sikukuu kuliko kwa pensheni. Mwajiri ana wajibu wa kuchangia, na fungu lake ni kubwa kuliko lile unalokatwa wewe. Nimeshaona slipu za mshahara zinazoonyesha makato kila mwezi, na mtu alipokwenda kuuliza akakuta michango haijafika. Nenda na kitambulisho chako, uliza, usisubiri uzee. Aliyejiajiri, kama mama wa mwani au dereva wa bodaboda, anaweza kujiunga kwa hiari.

Kuhusu kutafuta kazi nyengine nitasema machache, maana kwa kweli kazi nyingi za hapa bado hupatikana kwa kujuana. Mtu anamwambia mtu. Weka tayari barua ya sheha, yaani kiongozi wa shehia yako, kitambulisho cha Mzanzibari, vyeti vya skuli na picha, kwa sababu nafasi ikitokea hutangazwa leo na kufungwa kesho. Kama una mwaka wa kupoteza, usiupoteze maskani: vituo vya Mafunzo ya Amali, kama cha Mkokotoni hapa Kaskazini na cha Vitongoji kule Pemba, vinafundisha ufundi ambao hautegemei mvua wala wageni. Na anayekutaka fedha kwanza ili akupeleke Oman, ilhali hujaona mkataba wala leseni ya wakala, huyo anauza maneno. Pasipoti yako usimkabidhi mtu "akutunzie".

Narudi kwa yule kijana, kwa sababu karatasi zilikuwa nusu tu ya shida yake. Nilimwambia mambo mawili siku ile. La kwanza, amwambie mkewe usiku huohuo. La pili, aende hospitali ya Kivunge akapimwe, kisha amweleze daktari kwamba halali usingizi na kwamba amepoteza kazi. Watu wa kwetu humweleza daktari kichwa na kifua, wakayaacha mawazo nyumbani. Wanaogopa wakitaja mawazo watapelekwa Kidongo Chekundu, hospitali ya wagonjwa wa akili. Kukosa usingizi kwa miezi si wazimu, na hata huko Kidongo Chekundu hakuna aibu ya kwenda. Namwambia kila mtu: ukiona hutaki kula, hutaki watu, au umeanza kuwaza kwamba bora usiwepo, hilo linatangulia kesi. Mwambie mtu leo, nenda hospitali leo. Kitengo tutakwenda wiki ijayo.

Na kwa wanawake: ikiwa kilichokutoa kazini ni mkono wa bosi, usije kwangu peke yangu. Kituo cha Mkono kwa Mkono pale hospitali ya Mnazi Mmoja mjini kinamsikiliza mtu na kumhudumia, mahali pamoja, na maelezo yanayochukuliwa mapema huko yana uzito.

Mkewe, kwa taarifa yenu, alikuwa anajua tangu Juni. Jirani alimwona maskani. Naye alinyamaza ili asimvunjie mumewe heshima, wakawa wawili wanafichana jambo moja chini ya paa moja. Yeye ndiye aliyemsindikiza mjini kwenye usuluhishi, kabeba sare imefuliwa na kupigwa pasi. Shauri lilisikilizwa nje ya wakati, na wakakubaliana alipwe mshahara uliobaki na malipo ya notisi. Alichotarajia kilikuwa kikubwa zaidi, na aliondoka akinung'unika kidogo.

Mwaka uliofuata alipata kazi hoteli nyengine. Mwishoni mwa Machi akaja tena barazani, safari hii bila ya rafiki, na bahasha mkononi. Wamempa barua ya likizo ya msimu: tarehe ya kufunga, tarehe ya kurudi, sahihi ya meneja. "Bi, nisaini?" Tukaisoma mara mbili. Mshahara wa Machi haukutajwa popote. Nikamwambia asisaini mpaka waongeze mstari huo, akaikunja barua, akawahi gari ya 116 inayorudi Nungwi.