Wamisri wa kale hawakushindwa kuchora

Watu wakiigiza michoro ya Misri ya kale hutembea kiubavu, mkono mmoja mbele na mwingine nyuma, wakicheka kwamba wachoraji wale hawakujua mwili wa binadamu ulivyo. Walijua vizuri sana! Kila kiungo walikichora kutoka upande unaokionyesha wazi zaidi: uso na miguu kwa ubavu, jicho na mabega kwa mbele, ili marehemu abaki mkamilifu kaburini mwake. Vipimo viliongozwa na miraba iliyochorwa kwanza ukutani, 18 kuanzia unyayo hadi mwanzo wa nywele za mtu aliyesimama. Tena, tazama picha za kaburi la Nebamun, ofisa wa Misri ya kale, za takriban mwaka 1350 KK, zilizoko British Museum, London. Kati ya wanawake wapiga muziki, wawili wanakutazama uso kwa uso, nyuso laini, nywele zikiyumba.